Bao likiingia kwa Mkapa, ardhi inatikisika kiasi gani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, shule yetu ya bweni iko Temeke, chini ya kilomita moja kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku ya watani wa jadi, bao likiingia, wanafunzi wanaapa kwamba sakafu ya bweni inatetemeka. Mmoja wao amesoma mtandaoni kwamba mashabiki wa Marekani waliwahi kusababisha tetemeko la kipimo cha 2 cha Richter. Je, ni kweli? Na sisi tunaweza kupima la kwetu, hata kwa simu tu?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako hawakudanganyi. Umati wa watu elfu hamsini au sitini ukiruka kwa wakati mmoja unaitikisa ardhi, na kwa umbali wa shule yenu mtikisiko huo unapimika vizuri ukiwa na kifaa kinachofaa. Simu itakusaidia ukiwa jukwaani, ila bwenini haitaona kitu, nitaeleza kwa nini. Ama hilo la tetemeko la kipimo cha 2, hapo naomba tukae kidogo, maana namba hiyo imewapoteza wengi, na mtu akiing'ang'ania anayaacha mambo yenye maana zaidi ambayo mchoro wa kipima mitetemo unayaonyesha.

Tukio analolisema mwanafunzi wako bila shaka ni lile la Seattle, tarehe 8 Januari 2011. Seahawks walikuwa wanacheza na New Orleans Saints mechi ya mtoano ya mpira wa Kimarekani. Robo ya nne, Marshawn Lynch akapewa mpira na kukimbia yadi 67, mita 61 hivi, walinzi wakimrukia mmoja baada ya mwingine naye akiwachomoka, mpaka akafika mwisho wa uwanja. Seahawks wakashinda 41 kwa 36. Jirani kabisa na uwanja kulikuwa na kipima mitetemo cha PNSN, mtandao unaofuatilia matetemeko ya kaskazini-magharibi mwa Marekani. Hakikuwekwa pale kwa ajili ya mpira. Seattle ni mji wa matetemeko ya kweli, na kifaa kilikuwa kinalinda zamu yake. Wataalamu walipofungua kumbukumbu za siku ile wakaona mchoro umefura wakati wa zile mbio za Lynch na shangwe iliyofuata. Vyombo vya habari vikaliita tukio hilo Beast Quake, kutokana na jina la utani la mchezaji, na namba kati ya 1 na 2 zikaanza kuzunguka dunia.

Sasa namba hiyo ina maana gani? Charles Richter alipoasisi kipimo chake mwaka 1935, alichukua kimo cha wimbi kwenye mchoro, akakisahihisha kwa umbali kati ya kifaa na chanzo, akapata namba ya logarithimu. Ukipanda ngazi moja, kimo cha wimbi kinaongezeka mara 10 na nishati takriban mara 32. Kanuni yote ilitungwa kwa ajili ya mwamba unaoteleza kwenye ufa chini ya ardhi, mara nyingi kilomita kadhaa kwenda chini, na kwa matetemeko madogo kazi yote pale kwenye chanzo inamalizika chini ya sekunde moja. Umati wa mpira hauna lolote katika hayo. Uko juu ya ardhi, umetapakaa kwenye jengo lenye upana wa mita mia mbili na zaidi, na unaruka kwa nusu dakika au dakika nzima. Ukiingiza kimo cha wimbi lake kwenye kanuni ya Richter utapata namba, kwa sababu kanuni haikatai kitu, lakini namba hiyo haielezi kilichotokea.

Wape wanafunzi hesabu hii ubaoni. Chukua watu 60,000, kila mmoja kilo 70, wote wajirushe juu kwa sentimita 20. Zidisha uzito, nguvu ya uvutano na kimo: kila mtu ana juli 137, umati mzima juli milioni 8 na kidogo kwa mruko mmoja. Tetemeko la kipimo cha 1 linatoa mawimbi yenye juli milioni 2 hivi. La kipimo cha 2, juli milioni 63. Kwa haraka mtu atasema basi tumeshapita kipimo cha 1. Lakini zile juli milioni 8 ni za miili kupanda na kushuka. Sehemu kubwa inaishia kwenye magoti, kwenye viatu, kwenye zege la jukwaa, na inayobaki kuingia ardhini kama wimbi ni kidogo tu. Halafu hakuna umati unaotua kwa sekunde moja ileile. Wanaotua hapa wanafuta kazi ya wanaopanda kule. Ndiyo maana mtaalamu makini husema "mtikisiko uliolingana kwa kimo na wa tetemeko la kipimo fulani, kwenye kituo kile," kisha ananyamaza. Ukitaka kuwapa wanafunzi uwiano wa nyumbani, tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la kipimo cha 5.9. Hata tukikubali ile 2 kama ilivyo, la Kagera lilikuwa na nishati karibu mara laki saba. Ni vyema walijue hilo kabla hawajaanza kufurahia neno tetemeko, kwa sababu kule Bukoba watu walipoteza ndugu na nyumba.

Tuje kwenye kinachotikisa. Wengi hudhani ni kelele. Mashabiki wa Seattle wana sifa ya kelele, mwaka 2013 walipimwa desibeli 137.6 na kuingia kwenye kitabu cha rekodi, lakini sauti hewani ni mlango mwembamba mno wa kuingilia ardhini. Miguu ndiyo yenye kazi. Mtu akiruka na kutua, kwa kitambo kifupi anaisukuma sakafu kwa nguvu ya mara mbili hadi nne ya uzito wake. Binadamu anayeruka mfululizo huruka kati ya mara moja na nusu na mara tatu na nusu hivi kwa sekunde, na wengi wetu tunaangukia karibu na mara mbili. Kwa hiyo kwenye mchoro wako, penye hezi 2, yaani mara mbili kwa sekunde, na jirani zake ndipo pa kuchungulia kwanza. Na kwa kuwa kutua ni kishindo kikali, si wimbi laini, utaona pia nishati kwenye hezi 4, hezi 6 na kuendelea, kila moja ikiwa kizidisho cha ile ya kwanza. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma mawimbi ataifurahia sana hii, maana ni somo la kitabuni linaloandikwa na miguu ya mashabiki.

Hapa pana tofauti inayonivutia kuliko ile namba ya Richter: bao na wimbo haviandiki mchoro mmoja. Barcelona wana taasisi ya sayansi ya ardhi iliyoweka kipima mitetemo kwenye chumba cha chini cha jengo lao, kama mita 500 kutoka Camp Nou. Jordi Díaz na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2017, wakitenganisha mitetemo ya magari, ya treni za chini ya ardhi, ya fataki, ya mechi na ya matamasha. Kwenye tamasha la Bruce Springsteen la mwaka 2016, uwanjani hapohapo, mchoro ulitoa mistari iliyonyooka, kila wimbo na mistari yake, kwa sababu umati uliruka kwa kufuata ngoma. Bao likiingia hakuna ngoma. Kila mtu anaruka anavyojua, na mtikisiko unamwagika kwenye masafa mengi, yaani hezi nyingi tofauti, kwa mpigo, bila mistari. Kifaa kile kilikuwa kazini pia usiku wa tarehe 8 Machi 2017, Sergi Roberto alipoifungia Barcelona bao la sita dhidi ya Paris Saint-Germain katika dakika za nyongeza, na bao lile likaonekana wazi kwenye mchoro.

Seattle wamepata somo hilohilo kwa njia nyingine. Tarehe 22 na 23 Julai 2023 Taylor Swift alitumbuiza kwenye uwanja uleule wa Seahawks, na Jackie Caplan-Auerbach wa Chuo Kikuu cha Western Washington akalinganisha usiku huo wawili na Beast Quake. Mtikisiko wa tamasha ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa Lynch, na michoro ya usiku wa kwanza na wa pili ilipowekwa sambamba ilifanana mno, kwa kuwa nyimbo zilikuwa karibu zilezile kwa mpangilio uleule. Mpira hauna mpangilio. Ndiyo thamani yake kwa mpimaji: kila mchoro wa mechi ni wa siku hiyo tu.

Najua unachotaka kuuliza baada ya hapo, kwamba haya yote ni ya Ulaya na Marekani. Basi mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Kamerun. Kati ya mwaka 2005 na 2007, nchi ile ilikuwa na vituo 32 vya muda vya kupima mitetemo, vilivyowekwa ili kuchunguza miamba iliyo chini ya mlolongo wa volkano za Kamerun. Garrett Euler, aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, akipitia takwimu hizo alikuta mitetemo ya ajabu. Ilitokea kwenye vituo vilivyo mbali sana kimoja na kingine, karibu kwa wakati mmoja. Hilo peke yake linatosha kuondoa dhana ya tetemeko, kwa sababu wimbi la tetemeko lina mwendo. Lazima lifike kituo cha karibu kwanza, kisha cha mbali. Kitu kinachotikisa miji mingi kwa pamoja kinatoka nje ya ardhi. Tarehe na saa zikaangukia Januari na Februari 2006, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika, Kamerun walipofunga.

Kombe lile lilichezwa Misri. Kamerun hakukuwa na uwanja uliojaa, wala jukwaa, wala umati mmoja. Kulikuwa na watu mbele ya televisheni, majumbani, kwenye baa na vibanda vya kuonyeshea mpira, waliosimama na kuruka mara moja nchi nzima kwa sababu picha iliwafikia wote kwa sekunde ileile. Vituo vilivyokuwa karibu na makazi ya watu vikasikia. Mwalimu, mimi naliona hili kuwa moja ya mambo mazuri kabisa yaliyowahi kuandikwa na kifaa cha fani yetu. Na lina funzo la kitaalamu kwenu: siku ya mechi, kifaa chenu hakitasikia kwa Mkapa peke yake. Kitasikia na kibanda cha mpira mtaa wa pili, na pengine kitakisikia zaidi, kwa sababu kiko karibu. Msipokuwa waangalifu mtaandika ripoti ya uwanja kumbe mnaripoti jirani.

Kwa shule, mfano wa kuiga ni wa Leicester, Uingereza. Februari 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leicester, wakishirikiana na taasisi ya jiolojia ya Uingereza, waliweka kipima mitetemo kwenye shule ya msingi iliyo kama mita 500 kutoka uwanja wa King Power. Nia yao ilikuwa kuwaonyesha watoto kazi ya kupima matetemeko. Msimu ule, kama unavyokumbuka, Leicester City waliishangaza dunia wakachukua ubingwa. Tarehe 27 Februari, Leonardo Ulloa akafunga dakika ya 89 dhidi ya Norwich, bao pekee la mechi, na kifaa kikaandika mtikisiko uliolinganishwa na kipimo cha 0.3. Umati wa uwanja ule ni kama nusu ya uwezo wa uwanja wenu. Namba ya 0.3 nayo ichukuliwe kwa tahadhari niliyokwisha kuitoa, lakini kama kuna tarakimu ya kumwambia mwanafunzi anayeuliza "kwa hiyo ni ngapi?", hiyo iko karibu na ukweli kuliko 2.

Tahadhari hiyo si ya kinadharia. Tarehe 17 Juni 2018, Hirving Lozano alipoifungia Meksiko dhidi ya Ujerumani kwenye Kombe la Dunia, taasisi moja ya Mexico City ilitangaza kwamba vihisi vyake vimenasa tetemeko la kutengenezwa na binadamu, pengine kutokana na watu kuruka kwa wingi. Baada ya muda mfupi vichwa vya habari vilikuwa vinasema bao limesababisha tetemeko. Ikabidi idara ya taifa ya matetemeko ieleze kwamba hapakuwa na tetemeko lolote, ni vihisi vilivyo karibu na watu vilivyosikia miguu yao. Kwenye jiji ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa limezika mamia ya watu kwa tetemeko la kweli, maneno hayo hayakuwa mchezo. Wanafunzi wako wakitoa matokeo yao, wayaite mtikisiko wa mashabiki. Neno tetemeko waliache kwa kazi yake.

Sasa kuhusu ardhi yenyewe. Kishindo kikishuka kwenye nguzo na msingi wa jukwaa, sehemu kubwa ya wimbi husafiri juujuu ya ardhi, na ardhi laini hulikuza. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga na udongo wa mfinyanzi, na tabaka kama hilo lina mwendo wake wa asili ambao likisukumwa nao linaitikia zaidi, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Somo zito la jambo hili lilitolewa Gothenburg, Sweden, Juni 1985. Uwanja wa Ullevi umejengwa juu ya udongo laini wa mfinyanzi. Springsteen, huyohuyo wa Barcelona, alitumbuiza pale, watu wakaruka kwa kufuata mdundo, na mdundo ukaangukia karibu na mwendo wa asili wa udongo na jengo. Uwanja ulitikisika kiasi cha kuharibika, ukahitaji matengenezo makubwa.

Kwa hiyo wahandisi wa majukwaa hawajali sana Richter. Wanauliza jukwaa lina mwendo wa asili wa hezi ngapi. Mwongozo unaotumika Uingereza unatofautisha jukwaa la michezo ya kawaida, ambalo kwa mtetemo wa juu na chini hutakiwa kuanzia hezi 3.5, na jukwaa litakalobeba matamasha, ambako hutajwa hezi 6. Sababu umeshaiona: hezi 2 ni ya miguu, na kizidisho chake cha hezi 4 hakiko mbali. Viwanja vipya vya Arusha na Nairobi vya AFCON 2027 ni nafasi nzuri ya kupima majukwaa yakiwa matupu, halafu yakiwa na watu, na kuweka kumbukumbu mapema. Ningependa sana kuona vyuo vyetu vya uhandisi vikiomba kazi hiyo sasa, sio baada ya kusikia malalamiko ya mashabiki wa jukwaa la juu.

Nirudi kwenye simu. Tuseme bwenini kwenu ardhi inatembea kwa kasi ya mikromita 10 kwa sekunde kwenye hezi 2, makadirio ambayo nadhani ni ya ukarimu. Zidisha kasi hiyo kwa mbili pai na masafa, unapata mchapuko wa takriban mita 0.00013 kwa sekunde kwa sekunde. Kihisi cha mchapuko kilichomo ndani ya simu ya kawaida, hata ikiwa imetulia juu ya meza, huwa na chakarachakara ya karibu 0.01. Yaani kelele ya simu yenyewe inaizidi sauti unayoitafuta karibu mara themanini. Jukwaani mambo ni mengine kabisa; pale zege linacheza chini ya miguu na simu itaona bila taabu. Tumia programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, laza simu kwenye sakafu ya zege, mahali ambapo haitakanyagwa, na usiishike mkononi wala kuiweka mfukoni, la sivyo utakuwa unapima moyo wako na kuruka kwako mwenyewe.

Kwa bwenini mnahitaji jiofoni. Ni sumaku na koili ya waya inayoning'inia kwenye springi. Ardhi ikisogea, umeme mdogo unazaliwa. Vifaa vya Raspberry Shake vinavyotumiwa na shule na watu binafsi duniani kote vimejengwa hivyo, na huchukua vipimo 100 kwa sekunde, vinavyotosha sana kwa kazi ya hezi 1 hadi 20. Kiwekeni sakafuni, chumba cha chini, juu ya zege lililolala moja kwa moja ardhini, kwenye kona. Ghorofani hapana, maana huko mtapima jengo. Mbali na friji, pampu ya maji, feni na jenereta. Na mfunge mlango: wanafunzi wakikimbilia kifaa kuona kama bao limeandikwa, wataliandika wao.

Kuna mtego mmoja wa saa unaowanasa wengi. Kifaa kinaandika saa ya dunia, ya UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Mechi ya saa 11 jioni kwa kuhesabu kwetu ni saa 17:00 kwenye simu na 14:00 kwenye faili. Mwanafunzi anayehesabu Kiswahili kichwani, anasoma simu ya Kizungu na kufungua faili la UTC anaweza kulitafuta bao saa ambayo mashabiki wanakula mihogo nje ya geti. Kubalianeni mapema daftari litaandikwa kwa saa ipi. Na saa ya kifaa yenyewe inarekebishwa kwa intaneti. Mtandao ukikatika inaanza kupotea polepole, kwa hiyo hakikisheni iko sawa kabla ya mechi.

Daftari hilo ni muhimu kama kifaa. Mwanafunzi mmoja awe uwanjani, si mbele ya televisheni, kwa sababu matangazo huchelewa kwa sekunde kadhaa. PNSN waliliona hilo walipoongeza vihisi kwenye uwanja wa Seahawks miaka iliyofuata, kwa nia ya kujaribu mifumo yao ya kuonyesha mitetemo papo kwa papo: mchoro ulikuwa unawafikia watu kwenye skrini kabla televisheni haijawaonyesha kilichotokea. Mwanafunzi wa uwanjani aandike dakika na sekunde za bao, la kukosa, la kadi nyekundu, la penalti iliyookolewa. Kumbukeni pia kwamba kwenye udongo laini wimbi la ardhini linakwenda mita mia mbili au tatu kwa sekunde, na sauti hewani mita 340 hivi. Kwa umbali wenu vyote viwili vinafika baada ya sekunde mbili hadi nne, karibu pamoja. Wekeni na maikrofoni inayorekodi, mtatofautisha dirisha lililotikiswa na kelele na sakafu iliyotikiswa na ardhi. Nashuku baadhi ya viapo vya bwenini ni vya madirisha.

Msipime siku ya mechi tu. Rekodini siku ileile ya wiki, saa zilezile, wiki isiyo na mechi, ili mjue malori ya Barabara ya Mandela yanaandikaje. Lori huonekana zaidi kwenye hezi 10 na kupanda, linapita na kuondoka. Bao huanza sekunde chache baada ya mpira kuingia, linafura haraka, linakaa makumi ya sekunde, kisha linanyauka bila mpangilio. Tetemeko la kweli lina ncha kali ya wimbi la kwanza, kisha la pili lenye nguvu zaidi, kisha linafifia. Michoro hiyo mitatu ikiwekwa kwenye spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa kwa wakati, hata mtoto wa darasa la saba ataitofautisha.

Na kwenu kuna jaribio ambalo Seattle na Leicester hawana. Pale karibu umati wote ni wa wenyeji. Siku ya Simba na Yanga majukwaa yanagawanywa, na bao moja linainua upande mmoja tu wakati upande wa pili umekaa umeshika tama. Mkiwa na vifaa viwili, kimoja upande huu wa uwanja na kingine upande wa pili, kwa umbali unaolingana, bao la kila timu litaandikwa kwa nguvu tofauti kwenye kila kifaa. Kwanza mechi isiyo ya watani itumike kusawazisha, mjue kama udongo wa upande mmoja unakuza kuliko wa pili, la sivyo mtawapa mashabiki wa timu moja sifa inayostahili mchanga. Mkilipata bao, nitumieni faili ghafi la kifaa na nakala ya daftari la saa. Picha ya skrini haitoshi kufanyia hesabu.